Lenzi za fokasi ya kuchagua kwa maua ya baada ya masika: Sweet, Velvet, Helios au nichomoe lenzi tu?

MwinyiTudor

Salaam aleikum wakuu. Huu uzi ni wa wale wenye uchu wa maua na majani, mambo ya picha za harusi tuyaache kule kwengine. Mvua za masika zikishapungua huku kwetu kila kitu chageuka kijani, hata ukuta waota majani, na mwaka huu nataka kutoka kwa mpango, Haller Park, Shimba Hills, pengine nivuke nifike Gazi kwenye mikoko, nipige zile picha ambazo pahala pamoja tu pamekaza na kwengine kote kumeyeyuka. Wenzetu wa Ulaya na Marekani mwezi wa nne wakianza kuona tulipu na maua ya cheri hutoka na Lensbaby zao (lenzi za kampuni hio za kuyeyusha picha makusudi), nami nakaa kwenye simu namezea mate.

Kamera ni Nikon D5300, ninayo 18-55 iliyokuja nayo na 50mm f/1.8 G. Kichwani nimebaki na hizi: Lensbaby Sweet 50 pamoja na kile kifundo chake cha kupindisha lenzi, Composer Pro II, Velvet 56 ya haohao Lensbaby, Helios 44-2 ya Kirusi na adapta, au nisinunue kitu, nichomoe hio 50 kwenye kamera niishike mkononi niipinde kidogo kama wafanyavyo watu Youtube. Pesa ni za kitu kimoja tu. Mwasemaje?

BiKizingo

Velvet 56, funga uzi 😀

Haya ntaeleza. Wewe wasema maua. Velvet yakaribia hadi sentimita 13 hivi kutoka kioo cha mbele na yatoa nusu ya ukubwa halisi wa kitu, yaani ua la asumini lajaza sehemu nzuri ya fremu bila ya kununua kifaa chengine. Ukiifungua apacha, lile tundu la mwanga, hadi f/1.6 (namba ndogo ndo tundu pana) ule mng'ao wake wafunika ua kama mvuke wa chai asubuhi, ukibana f/5.6 yakaza vizuri tu kama lenzi ya kawaida. Mie natumia f/2.8 hadi f/4 karibu siku zote, hapo ua lina umbo na mng'ao bado upo. Ni ya chuma, nzito mkononi, na pete ya fokasi yazunguka polepole, kwa maua hio ni neema.

Bei sasa. Ilipotoka 2015 iliwekwa karibu dola 500 za Marekani. Tafuta iliyotumika.

FundiKuze

Bi Kizingo namheshimu lakini hapa tusimpoteze kijana. Velvet si lenzi ya fokasi ya kuchagua kwa maana anayoulizia yeye. Velvet yaweka ulaini juu ya picha nzima, kile kilicho kwenye fokasi kiko mkali chini yake na mng'ao umekaa juu. Anachokitaka Mwinyi ni duara, pahala pamoja pakali na pembeni pamevutwa, na hio ni kazi ya Sweet. Kile kifundo wakipinda, duara lahama, waliweka juu kushoto, chini kulia, popote upendapo. Ukiwa f/2.5 duara ni dogo, ukibana lapanuka. Kuna na Edge 50 ambayo badala ya duara yatoa mstari mkali unaokata picha, hio kwa miti iliyosimama ni tamu sana, lakini tusiongeze mkorogo.

Jambo ambalo halijasemwa ni sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea picha. D5300 ina sensa ndogo, yakata pembeni mara 1.5. Na pembeni ndiko ule uyeyukaji wote uliko! Kwa hivo Sweet 50 kwenye kamera yako yawa kama 75mm, duara lachukua sehemu kubwa ya fremu na wabaki na ukungu kidogo tu kwenye kona, utaona si zile picha ulizozimezea mate. Mtu wa sensa ndogo achukue Sweet 35. Yawa kama 52mm, na yakaribia sentimita 19 wakati Sweet 50 yaishia 38. Kwa maua hio tofauti si ndogo. Kifundo ni kilekile.

BiKizingo

Hilo la 35 nakubali. Lakini "si lenzi ya fokasi ya kuchagua" ni ubishi wa majina maalim, f/1.6 kwa karibu vile kinachokaa kwenye fokasi ni wembamba wa unyasi, kwengine kote kumeyeyuka vilevile.

FundiKuze

Kumeyeyuka kwa umbali, si kwa pembeni. Piga ukuta wa majani ulio sawasawa mbele yako kwa Velvet, wote utakuwa na ulaini mmoja toka katikati hadi karibu na kona. Piga kwa Sweet, jani moja lasimama na mengine yakimbia. Ni vitu viwili.

jongoo_wa_Bamburi

Hio ya kuchomoa lenzi naona hakuna aliyeigusa kwa hivo nianze. Kwanza 50 yako ni G, haina pete ya apacha, ukiitoa tu kwenye kamera ule mkono mdogo wa nyuma wajifunga na apacha yaenda f/16, watazama giza. Itabidi uuzuie kwa kipande cha karatasi, kazi ya kuudhi. Wenye lenzi za zamani za D wana pete, waweka f/1.8 na yabaki wazi. Pili na hili ndilo kubwa, sisi tuko pwani yakhe. Kamera imekaa mdomo wazi dakika nzima, upepo wa chumvi, mchanga mwembamba ule wa Nyali usiouona, na vumbi likishaingia kwenye sensa utalihesabu kila picha ya mbingu. Nyumbani dirishani na ua kwenye glasi, sawa, jaribu ujifunze ladha yake. Nje, hapana.

Kuhusu Haller, nenda asubuhi na usikimbilie twiga peke yao. Chini ya mivinje ndiko kwenye picha. Pale palikuwa machimbo ya saruji matupu, René Haller alipoanza kupanda 1971 alijaribu aina 26 za miti na zilizokubali ni tatu tu, mvinje mmojawapo, kisha yale majani yake membamba yakawa hayaozi, yarundikana tu chini, hadi walipoletwa majongoo wakayala wakayageuza udongo. (Sasa mwajua jina langu nilikotoa.) Majongoo bado wapo na mvua ikishapita wanatembea kila pahala, weusi wanang'aa, miguu kama mawimbi. Lala chini kifudifudi, lenzi iwe usawa wa zulia la majani, fokasi kichwani tu kwenye zile pembe zake mbili, mwili uliobaki uende ukungu. Hapo hata Velvet hata Sweet 35 zote zafanya kazi, na kivuli cha miti chakusaidia kwa sababu ntakayomwachia mwengine aeleze maana nimechoka kuandika na kidole kimoja.

FundiKuze

Naieleza. Jua letu la saa nne asubuhi kwenda mbele halina mchezo. Kamera yako kasi ya shata mwisho ni 1/4000 ya sekunde. ISO 100 juani, f/1.6 yataka karibu 1/10000, huna. Picha yaungua. Kwa Sweet f/2.5 uko ukingoni kabisa, 1/4000 yakutosha kwa taabu. Kwa hivo Velvet juani yataka filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwangaza, mdomo wake ni milimita 62, au ubane apacha, na ukibana ule mng'ao uliolipia umeondoka. Kivulini mwa mivinje au saa kumi na mbili na nusu asubuhi huna shida hio.

Na jengine Mwinyi, hizi lenzi zote hazina umeme. D5300 haitakupimia mwangaza kabisa ukizifunga. Weka M, yaani upange kila kitu mwenyewe, piga, tazama grafu ya mwangaza, rekebisha, piga tena. Fokasi usiiamini kwenye kitundu cha kutazamia, fungua ile skrini ya kugeuka, kuza hadi mwisho pahala unapotaka pakaze, halafu usizungushe pete tena, sogeza mwili wako mbele na nyuma polepole na upige kadhaa mfululizo. Kwa Sweet pinda kifundo KWANZA ndo utafute fokasi, ukifanya kinyume kila ukipinda fokasi yaruka.

MwinyiTudor

Mashallah, darasa. Sasa hii Helios mbona hakuna anayeitetea? Ni rahisi kuliko zote na ile nyuma yake yazunguka kama feni, naipenda.

Shangazi_wa_Likoni

Naitetea mie. Helios 44-2 ni 58mm f/2, Warusi waliinakili kutoka Biotar ya Zeiss, na ule mzunguko hautaki ujuzi wataka mpangilio. Ua liwe karibu nawe, nyuma yake mita kadhaa kuwe na majani yenye vitundu vya mwanga, mwarobaini ni mzuri sana kwa hilo, mnazi haufai sana makuti yake ni marefu. Weka f/2. Vile vitundu vya mwanga vyageuka viini vya mviringo katikati na kona zake vyawa kama punje za mchele zinazunguka ua lako.

LAKINI mwanangu, lile alilolisema Fundi kuhusu sensa ndogo laiuma Helios kuliko zote. Mzunguko uko pembeni, na pembeni kwako kumekatwa. Utapata nusu ya uhondo. Na Nikon kwa lenzi za skrubu za M42 ina balaa lake, umbali kutoka mdomo hadi sensa kwa Nikon ni milimita 46.5 na M42 ni 45.46, kwa hivo kwa adapta ya kawaida haifiki fokasi ya mbali, wauziwa adapta yenye kioo ndani na kile kioo chaharibu ukali. Kwa maua ya karibu nunua ile isiyo na kioo, utakosa mandhari ya mbali tu. Mwenye Canon hana taabu hio, na hizi kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) ndo kabisa.

jongoo_wa_Bamburi

Na ukinunua ya mtu piga tochi ya simu upande mmoja utazame upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za buibui ni kuvu, rudisha. Unyevu wa huku utaikuza hio kuvu kabla hata mvua za vuli hazijafika. Lenzi zote ziweke kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, si kwenye mkoba wa ngozi kabatini.

MdigoGazi

Mwaongea lenzi sana hamuongei upepo. Masika ikishakatika ndo kusi limeshika, na ua juu ya kijiti kirefu saa tatu asubuhi halitulii hata sekunde. Fokasi yenyewe ni nyembamba, kwa mkono, na kitu chacheza, utapiga mia utoe moja. Kwa hivo toka na alfajiri au ingia msituni.

Gazi tuna ile njia ya mbao ya akina mama inayopita ndani ya mikoko, mikoko yenyewe yakata upepo na mbao zakuweka usawa wa matawi. Ulizia mlilana, ni aina moja ya mkoko. Maua yake yafunguka usiku, nyuzi nyeupe nyingi kama brashi ya kunyolea, na jua likipanda zaanza kuanguka, kwa hivo ukichelewa kwenye mahamri utakuta kikombe cha kijani tu kimebaki. Wakati wa maua yao waulize wenyewe akina mama wa pale, wao ndo wajua. Muia nao, mkoko mwengine, kikombe cha ua lake ni chekundu, chini ya kivuli chatoka vizuri kushinda mambo mengi ya kupandwa. Tazama na maji: yakiwa yamejaa chini kwawa kioo na ukungu wako wapata rangi ya mbingu, yakiwa yamekupwa ni matope na kaa, na kaa nao ni picha.

Ile mbao yatikisika mtu akipita. Mwambie mwenzio asimame atulie.

BiKizingo

Shimba Hills pia umande wake wa asubuhi hauna mfano lakini usidhani utashuka garini utambae kwenye nyasi popote, kuna ndovu. Njia ya kuteremkia Sheldrick Falls waenda na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, na askari hatakungoja robo saa kwa ua moja. Kule peleka lenzi unayoifahamu tayari.

kijana_wa_Changamwe

simu yangu ina potreti modi yafanya hivohivo bure, kwani tofauti ni nini

FundiKuze

Ipige kwenye ua la mlilana lenye nyuzi nyingi nyembamba halafu utazame nyuzi zilivokatwa pembeni. Simu yakisia mpaka uko wapi. Kwa uso wa mtu yaweza, kwa unyasi na buibui yachemka.

MwinyiTudor

Nimesoma yote. Naona nimeegemea Sweet 35 na kifundo, kwa sababu ya sensa yangu na kwa sababu nataka miti na njia pia, sio maua matupu, na Helios niiweke hadi nibadilishe kamera. Bi Kizingo samahani 😅 Ila nina swali, nikitaka ua dogo kabisa, sentimita 19 zatosha?

BiKizingo

Hazitoshi kwa asumini, zatosha kwa alamanda na haibiskasi. Na samahani yako naipokea, ukija kuona picha za Velvet utarudi.

FundiKuze

Kuna ringi za kurefusha, zile tupu zisizo na kioo ndani, wafunga kati ya kamera na lenzi. Chukua ile nyembamba kabisa, kwa 35mm ukiweka nene ua litagusa kioo. Zile za bei rahisi za plastiki usifunge kwa nguvu, na usifungie nje Haller, fungia ndani ya gari madirisha yamepandishwa.

MdigoGazi

Ukija Gazi nitag, na uangalie kwanza jedwali la maji. Bamvua alfajiri maji huwa bado mengi, hutoka kabisa saa nne hivi asubuhi.

jongoo_wa_Bamburi

Na shati usivae jeupe, kwenye kivuli cha mivinje mwanga wa shati warudi juu ya jongoo anayeng'aa, utajiona mwenyewe mgongoni mwake.