Mabanzi ya paina yanawaka balaa ila yanaisha kabla mkate haujaiva, kwanini?

moto_wa_usiku:
Wakuu habari zenu. Nina tanuri la mikate hapa Mafinga, la matofali, nawasha saa tisa usiku ili saa kumi na moja mkate uwe umetoka. Kuni zangu miaka yote ni milingoti, ila bei imepanda nikahamia mabanzi ya paina, maana huku mashine za mbao zipo kila kona na mabanzi tripu ya kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) ni kama nusu ya bei. Sasa kasheshe ndo hii, yakishika moto unatoka mpaka mlangoni, ukigeuka kidogo kukata donge ukirudi hamna kitu, jivu tu, tripu iliyokuwa inanipeleka siku nne sasa hivi mbili na nusu, na bomba la moshi limejaa masizi yananata kama lami. Kilichonichanganya zaidi kuna dogo kasoma mambo ya misitu kaniambia eti kwa kilo paina ina nishati KUSHINDA mlingoti. Nikamwambia dogo njoo ulale hapa tanurini usiku mmoja. Ananipiga kamba au kuna kitu sikielewi? Nawasilisha.

figa_la_tatu:
Paina ina mafuta ya taa ndani mkuu ndo maana inalipuka, nguvu haina. Rudi kwenye mlingoti, vya bei chee ndo ghali.

fundi_boila:
Dogo yuko sahihi na wewe uko sahihi, ila hampimi kitu kimoja. Mimi nimekaa kwenye boila ya kiwanda cha chai Mufindi miaka kadhaa, kuni nimezipima mpaka nimechoka.

Iko hivi, mti wowote umejengwa na vitu vitatu vikubwa, selulosi, hemiselulosi na lignini, halafu juu yake kuna vikorokoro kama utomvu na tanini. Selulosi ndo nyuzi zenyewe, karibu nusu ya mti, na ukichoma kilo moja kavu kabisa inakupa megajuli (kipimo cha nishati) 17 na kidogo basi. Shida yake ni oksijeni, karibu nusu ya uzito wake ni oksijeni, yani ni kama kitu kilichoanza kuungua kabla hujakitia kiberiti. Lignini, ile gundi inayoshikanisha nyuzi, kaboni ndo nyingi na oksijeni kidogo, kwahiyo inakwenda 23 mpaka 26. Utomvu ndo usiseme, unafika 35 na zaidi. Figa hajakosea sana hapo, sio mafuta ya taa lakini ni ndugu zake.

Sasa paina na wenzake wenye majani kama sindano kwa kawaida lignini yao ni asilimia 25 mpaka 33, miti ya majani mapana mingi ipo 18 mpaka 25 ingawa milingoti mingine inavuka hapo. Ongeza na utomvu, ndo paina kavu inapata megajuli 20 na kitu kwa kilo na mlingoti 19 hivi. Unaona tofauti yenyewe, haifiki hata sehemu moja ya kumi. Dogo kashinda ila kashinda kwa goli la kuotea.

Maana wewe hununui kilo, unanunua kirikuu! Ukuta wa seli wa mti wowote, uwe paina uwe mpingo, uzito wake ni ule ule, kama gramu 1.5 kwa sentimita moja ya ujazo, kinachotofautisha ni matundu, paina ndani imejaa hewa. Mita moja ya ujazo ya paina kavu chukulia kilo 450, mlingoti uliokomaa 650. Piga hesabu, paina megajuli elfu 9, mlingoti elfu 12 na zaidi. Na mabanzi yamejipinda hayapangiki, kwahiyo unalipia hewa mara mbili, ya ndani ya mti na ya kati ya banzi na banzi.

mama_wa_wali_njombe:
Mi wala sina kesi na paina, nawashia. Kile kipande chekundu chenye utomvu pale mti ulipojeruhiwa kinawaka hata mvua inanyesha, moto ukikolea natia muwati, unakaa na makaa yake mpaka maharage yanaiva sijagusa tena. Ila fundi kama lignini ndo kila kitu mbona mkaa wa paina hafifu hivyo?

fundi_boila:
Mama swali zuri. Lignini kweli ndo inayobaki sana kuwa mkaa, selulosi nyingi inaondoka kama moshi na gesi. Lakini mkaa unarithi matundu ya mti wake, mti mwepesi mkaa mwepesi. Ukiuweka kwenye mzani, kilo ya mkaa wa paina na ya muwati zote zinacheza kwenye megajuli 30, ila kilo ya paina inakula nafasi kubwa zaidi kwenye debe kuliko ya muwati.

mvinje_kilifi:
Huku kwetu pwani ya Kenya ni mvinje tu, hiyo ni chuma, ikishika unasahau. Lakini nyinyi mnaongea lignini lignini na hakuna mtu ameuliza hizo mabanzi zimekatwa lini. Masizi ya kunata hayo mimi naona ni kuni mbichi.

fundi_boila:
Aisee umenipiga bao, hapo ndo nilitakiwa nianzie. Kuni mbichi nusu ya uzito inaweza kuwa maji, na hiyo kilo inakupa megajuli 8 tu hivi, ikikauka ikabaki asilimia 20 ya maji unapata 14 au 15. Hakuna lignini itakayoziba pengo hilo. Na moto ukiwa wa baridi ule utomvu hauungui wote, unapanda na moshi unaganda kwenye bomba. Moto_wa_usiku chukua banzi moja lipime, liweke juu ya tanuri siku kadhaa mpaka uzito ugome kushuka, pima tena ulete majibu. Pia paina inataka hewa nyingi mwanzoni, ukifunga mlango mapema gesi inatoka kwenye bomba haijaungua. Pasha tofali na paina, shikilia na mlingoti.

moto_wa_usiku:
Nimerudi wakuu. Banzi limeingia kilo 3.1, baada ya siku sita juu ya tanuri ni 1.7 na haishuki tena. Yani kilo 1.4 yalikuwa maji, nimekuwa nabebewa maji kwenye kirikuu kwa hela yangu. Muuzaji nimemuuliza anasema "ya juzi tu hayo bosi, freshi kabisa", na mimi ndo nilikuwa naona sifa. Nimeanza kujenga banda la bati nyuma nipange ya miezi miwili mitatu.

figa_la_tatu:
Freshi kabisa 😂😂 huyo alidhani unaenda kupika mchicha

mama_wa_wali_njombe:
Ukipanga usiyaweke chini kwenye udongo baba, weka magogo mawili ya kulalia, mchwa wa huku hawajui paina wala mlingoti.