Waiva ya kuingia Marekani: mwezi wa saba bado nasubiri, na mimi ndiye walii wa mdogo wangu

Msubiri_Hamilton
Habarini wakuu. Mimi ni raia wa Kanada. Ujanani nilitiwa hatiani mara mbili: 2006 kwa wizi, 2008 kwa kutumia cheki ya kughushi. Sikufungwa, nililipa faini, nikaachana kabisa na maisha yale. Mwaka jana tulikuwa tunavuka daraja kwenda Buffalo, afisa akanieleza kwamba kwa makosa hayo mawili siingii bila waiva, yaani kibali cha kuondolewa kizuizi cha kuingia. Wanangu walikuwa kiti cha nyuma, mabegi magotini. Tukageuza gari.

Nikajaza fomu I-192 ya kuomba waiva kupitia e-SAFE, mfumo wao wa mtandaoni, nikalipa dola 1,100, nikatoa alama za vidole ndani ya siku 45 wanazokupa. Huu sasa ni mwezi wa saba. Mdogo wangu anaolewa Columbus, hukohuko Marekani, wiki tano zijazo. Baba alishafariki, kwa hiyo walii, yaani wa kumwozesha, ni mimi. Kila asubuhi nafungua akaunti kabla ya kunawa uso, nakuta maandishi yaleyale. Nikiwaandikia kuulizia nitajiharibia? Na nikienda mpakani na kadi ya mwaliko, wanaweza kunielewa?

MzeeWaMpaka
Mdogo wangu, mpakani usiende. Kadi ya mwaliko haiondoi kizuizi, na ukirudishwa, nako kunaandikwa. Anayeamua ombi lako si afisa wa kwenye kibanda, ni ARO, ofisi inayopitia maombi haya chini ya CBP, idara ya forodha na mipaka ya Marekani. Ipo ruhusa ya dharura ya kibinadamu, lakini hiyo ni ya mambo kama mgonjwa mahututi au msiba. Kwa harusi sitakudanganya.

Kuulizia uliza. Sijaona mtu aliyekataliwa kwa sababu aliuliza kwa adabu. Mistari minne inatosha: jina, namba ya ombi, tarehe uliyotoa vidole, tarehe ya harusi. Ambatanisha mwaliko. Usiwasimulie maisha yako upya.

Zuhura_T
Kaka, mimi nilingoja miezi tisa, na sehemu ya hiyo ilikuwa kosa langu. Sikuweka hukumu ya kesi yangu moja. Waliniandikia kuitaka, barua pepe ikaangukia kwenye barua taka, nikakaa wiki sita sina habari. Hebu kaangalie huko sasa hivi. Na kesi zote mbili uliweka nakala ya mahakama? Kama faili la zamani limeshaharibiwa, mahakama ikupe barua inayosema hivyo, uipakie.

Msubiri_Hamilton
Ahsante dada. Nimeangalia, barua taka hakuna kitu. Faili la 2006 halipo, na barua ya mahakama niliipakia tangu mwanzo. Swali jingine: Kanada ilishanipa msamaha, rekodi imefungwa. Huko hausaidii?

MzeeWaMpaka
Marekani haiutambui msamaha wa Kanada. Hauondoi kizuizi, ila unaonyesha mtu aliyebadilika, kwa hiyo kama uliuambatanisha ulifanya vizuri.

Wanachopima ni mambo matatu, yaliyowekwa kwenye uamuzi wa shauri la Hranka mwaka 1978: jamii itapata madhara gani ukiingia, kosa lako lilikuwa zito kiasi gani, na unaendea nini. Hranka mwenyewe alikuwa Mkanada aliyetaka kwenda kutembelea ndugu, na pale ndipo iliposemwa kwamba sababu ya safari si lazima iwe nzito. Ndiyo maana watu nawasisitizia barua ya maelezo binafsi. Anayeandika "yalikuwa ya ujana tu" anajiumiza. Useme ulichofanya, ulimkosea nani, na umeishije tangu siku ile.

Kijana_Windsor
Ikitoka, soma muda wake. Mwisho ni miaka 5, lakini unaweza kupewa pungufu. Anza kuomba upya mapema, na barua yenyewe uibebe kila safari, maana hata ukiwa na waiva afisa wa mpakani bado ana neno la mwisho.

Mama Nasra
Mwanangu, harusi usiifunge kwenye barua hiyo. Walii anaweza kumweka wakala. Huna mtu wenu huko Columbus? Mpe idhini kwa maandishi, na uongee mapema na sheikh atakayefungisha ili siku ile kusiwe na maswali. Waiva iende kwa mwendo wake.

Msubiri_Hamilton
Baba mdogo yupo huko. Mama, nilikuwa naona kumweka wakala ni kama kumtupa mdogo wangu, ndiyo maana sikutaka hata kulitaja nyumbani. Nimempigia jana usiku. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, akisimama kwa idhini yako umesimama wewe." Leo asubuhi nimeongea na sheikh, idhini nimeiandika na kuituma. Barua ya kuulizia ARO nayo imekwenda, mistari minne kama alivyosema mzee. Wakijibu nitawaandikia hapahapa.