Baada ya shughuli ya Muheza

Shangazi Mwajuma: Asalaam aleykum wanangu. Kuna mwingine tumbo linamkata? Tangu usiku nashinda chooni.

Bamdogo Hamisi: Waaleykum salaam dada. Huku nahara, natapika, na homa juu. Asubuhi nimepima duka la dawa, wanasema taifodi.

Juma: Si wale kuku walioshinda kwenye ndoo tangu alfajiri? Au ile saladi ya mayonezi 😩

Shangazi Mwajuma: Kuku wangu usiwaguse.

Rehema: Poleni jamani. Bamdogo, taifodi ya kula jana mchana haipo. Ile hukaa mwilini wiki moja, mbili, ndipo homa ianze kupanda taratibu, kichwa kinagonga, na mtu mzima wakati mwingine anafunga choo kabisa. Halafu hicho kipimo cha damu cha taifodi, Widal, kinadanganya sana. Yetu inafanana na salmonela, vijidudu vya kwenye chakula, inaanza saa 6 hadi 72 baada ya kula. Ila choo hakijaoteshwa maabara kuona ni vijidudu gani, siwezi kuapa.

Bamdogo Hamisi: Na sipro, ile antibiotiki, nimeshanunua!

Rehema: Shikamoo kwanza, nilipitiliza 😅 Iweke pembeni. Mtu mzima mwenye afya yake huisha yenyewe siku 4 hadi 7, na dawa hizo zinaweza kukufanya utoe vijidudu chooni muda mrefu zaidi. Kunywa ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji. Ukiona damu au homa haishuki, hospitali.

Mama Imani: Wifi, huyu mwanangu mchanga hajala kitu, ananyonya tu. Hahari, hatapiki. Ila anachemka na ziwa analikataa tangu adhuhuri.

Rehema: Ana miezi 2! Mpeleke sasa hivi. Labda mikono iliyoshika kuku ndiyo iliyompelekea vijidudu. Chini ya miezi 3 vijidudu vinaingia kwenye damu upesi, vinaweza kufika mpaka kwenye utando wa ubongo. Hata walio chini ya miaka 5, hasa akiwa katoka kuugua malaria au amedhoofu, inaweza kuja homa tupu bila kuhara. Watu wanaendelea kumpa dawa ya malaria tu.

Juma: Na huyu mwanangu mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu? Kahara asubuhi, sasa analia mguu, juu ya goti.

Rehema: Naye leo leo. Kukaukiwa maji tu kunamwamshia maumivu, na salmonela ina tabia ya kuingia kwenye mifupa yao. Mtaje selimundu mlangoni, msingoje kuulizwa.

Mama Imani: Bibi afadhali, hana homa. Kahara mara mbili. Amelala tu, nikimwamsha ananiita jina la marehemu babu.

Rehema: Afadhali gani hiyo wifi? Wazee wengine homa haipandi hata wakiwa na vijidudu kwenye damu. Kakojoa lini?

Mama Imani: Sijamwona akienda tangu asubuhi. Ulimi mkavu kama kitambaa.

Rehema: Mleteni naye. Vile vidonge vyake vya presha vya kukojosha asimeze mpaka daktari amwone, vibebe.

Bamdogo Hamisi: Natoa gari. Mtoto, mwenye mguu na bibi yenu. Wakubwa tutajibana.

Rehema: Kadi ya kliniki ya mtoto msisahau. Nawasubiri mapokezi hospitali.

Juma: Na kuku waliobaki?

Shangazi Mwajuma: Nishamwaga. Hamisi, nipitie na mimi.