Skana gani ya negativu na slaidi, jamani?
Wadau naombeni ushauri. Marehemu babu alikuwa mpiga picha hapa Lamu, katuachia sanduku zima la negativu (filamu za picha zilizosafishwa), nyingi nyeusi na nyeupe za 35mm, kuna na zile pana za 120 na slaidi za rangi za Maulidi, na kwa unyevu wa huku zingine zishaanza kuota ukungu pembeni. Niko kati ya skana mbili, Epson V600 na Plustek 8200i. Plustek nasikia iko shapu kwa 35mm ila 120 haiingii kabisa afu unasukuma picha moja moja kwa mkono, Epson inapokea zote lakini ushapu je? Ile Digital ICE, teknolojia ya skana ya kufuta alama za vumbi kwenye picha, kwa filamu nyeusi na nyeupe za kawaida haisaidii, so hiyo msinishawishi nayo. Na huo ukungu niutoe kwanza ama niskani hivo hivo?