Mashine ya boti inachemka (gumzo la kikundi cha ukoo, Mkokotoni)

Shaibu, 06:41
Asalaam alaykum jamaa. Leo sendi Tumbatu. Mashine inachemka. Ikiwa sailensa, inanguruma pole pole tu, maji yanatoka nyuma vizuri, nikitia moto ikaze mwendo tu kengele ya joto inalia, na nyuma unatoka mvuke mweupe.

Shangazi Mwanaisha, 06:43
Wa alaykum salaam. Na unga wangu?

Shaibu, 06:44
Unga uko chini ya turubali shangazi, haujalowa.

Khamis, 06:50
Ng'oa themostati, ule mlango wa maji ya kupozea, utupe. Mie yangu niliitoa zamani. Bahari yenyewe ishapoa, mlango wa nini tena?

Ami Makame, 06:58
Khamis weka simu chini kwanza unywe chai.
Shaibu, zima, iache ipoe wenyewe. Usije ukaimwagia maji baridi juu ya hedi, kile kichwa cha mashine, ukaipasua.

Shaibu, 07:01
Shikamoo ami. Nishazima. Nilikuwa nataka kumtuma mtu mjini akanunue pampu.

Ami Makame, 07:06
Marahaba. Usinunue kitu. Yanmar yako hii ya zamani haina rejeta wala maji yake ya ndani, inakunywa bahari moja kwa moja. Basi njia ni moja tu. Tundu la chini ya boti, koki ya kufungia maji, chujio, pampu, mwili wa mashine, themostati, elbo ya ekzosi (kona ya bomba la moshi), nje. Yafuate maji kuanzia yanapoingia. Ukirukia katikati utanunua vitu vyote dukani na mashine bado inachemka.

Salum (Muscat), 07:10
Ami sema kwa sauti, andika ndefu inachosha 😄

Ami Makame, 07:11
Sauti Shaibu hasikii, yuko gatini. Na wewe huna boti, unasoma bure.

Shaibu, 07:32
Nimezama na miwani. Tundu lina chaza wadogo pembeni, nimewakwangua. Na kuna kipande cha mfuko wa plastiki kimejinasa.

Khamis, 07:33
Mifuko si imepigwa marufuku, Bara tangu 2019 na sisi kabla yao?

Ami Makame, 07:35
Bahari haijasikia tangazo.
Chujio sasa. Fungua, safisha, kisha tazama mpira wa kifuniko. Ukichoka, pampu inavuta hewa badala ya maji. Kifuniko chako ni cha kioo, mashine ikiwaka utaona mapovu ndani. Wengi wanatazama kama panavuja maji, hapavuji kitu, wanasema pazima. Upande ule pampu inanyonya, kwa hiyo hewa ndiyo inayoingia.

Shaibu, 07:48
Mapovu hakuna. Lakini kengele bado, inachelewa kidogo tu.

Ami Makame, 07:50
Mwambie kijana atie moto, wewe tazama mpira wa kutoka kwenye koki hadi kwenye pampu. Mpira mzee usio na waya ndani hujinyonya ukawa bapa moto ukizidi, ukirudi sailensa unajaa tena. Ndiyo dalili yako hiyohiyo.

Shaibu, 07:57
Haujinyonyi ami, ule nilibadilisha. Mkanda wa pampu pia umekaza.

Ami Makame, 08:02
Vizuri. Leta ndoo. Fungua mpira unaotoka kwenye pampu kuingia kwenye mashine, uelekeze ndooni, washa kidogo tu, tia moto, zima. Usiache ikawaka kavu.

Shaibu, 08:15
Yanatoka kwa nguvu, na nikitia moto yanazidi.

Ami Makame, 08:16
Basi pampu yako nzima na pesa yako imebaki mfukoni. Ugonjwa uko baada ya pampu. Impela, lile gurudumu la mpira ndani ya pampu, ilibadilishwa lini?

Shaibu, 08:18
Kabla ya Ramadhani, alikuja fundi wa mjini. Ile ya zamani ilikuwa imekatika bawa mbili.

Ami Makame, 08:19
Na hizo bawa mbili ziko wapi?

Shaibu, 08:24
...

Khamis, 08:25
😂😂

Ami Makame, 08:29
Mafundi wengi wa siku hizi wanatia impela mpya, wanafuta mikono, wanachukua pesa. Mpira uliokatika hauyeyuki. Unasukumwa na maji mpaka kwenye kona ya kwanza nyembamba, unakaa hapo, chumvi inaujengea juu. Fungua ile kona ya shaba maji yanapoingilia kwenye mwili wa mashine. Tia waya uliopinda ncha.

Shaibu, 08:51
[picha]
Zote mbili! Zimeshikana, zimekuwa ngumu kama mfupa.

Shangazi Mwanaisha, 08:52
Alhamdulillah. Sasa unga utafika.

Ami Makame, 08:53
Bado shangazi mtu. Shaibu, kwa kuwa iko wazi, toa themostati tuipime.

Khamis, 08:54
Si nilisema itolewe

Ami Makame, 09:03
Itolewe ipimwe, irudi. Sikiliza Khamis, maana hili unawaambia vijana wengi. Dizeli ikienda baridi haichomi mafuta yote. Masizi yanakwenda kuganda kwenye elbo ya ekzosi. Unaondoa mlango ili maji yapite, halafu mwaka mwengine maji hayapiti kwa sababu umeondoa mlango. Na hizi zinazokunywa bahari zimewekewa themostati ya nyuzi 42 kwa makusudi, si 71 kama zile zenye maji ya ndani yasiyo na chumvi. Maji ya bahari yakipata moto sana ndani ya chuma, chumvi na chokaa zinaganda njiani.
Shaibu, huna kipimajoto, tumia mkono. Iweke kwenye sufuria ya maji, pasha pole pole. Inatakiwa ianze kufunguka wakati mkono bado unavumilia. Ikiwa mkono umeshindwa na yenyewe imefunga, imekufa.

Shangazi Mwanaisha, 09:05
Sufuria ya nani?

Shaibu, 09:06
Ya boti, shangazi. Ile ya chai.

Shaibu, 09:27
Inafunguka. Nimerudisha. Lakini ami, mpira unaoingia kwenye elbo ya ekzosi nimeufungua nikauelekeza ndooni, maji mengi. Nikiurudisha kwenye elbo, nyuma yanatoka kidogo. Na moshi ni mweusi nikitia moto.

Ami Makame, 09:30
Umemaliza mwenyewe, ni elbo. Hapo maji yanachanganyika na moshi, na chumvi inakutana na masizi. Nyinyi mnaovua mnaiacha mashine sailensa usiku kucha, ndiyo inayojaza masizi. Ifungue.
Na kabla ya yote, funga koki. Ukipiga stata muda mrefu bila mashine kuwaka, pampu inajaza maji kwenye ekzosi na hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yanarudi kwenye silinda. Hapo si kuchemka tena, ni kufa. Tundika ufunguo wa kuwashia kwenye koki, usije ukasahau kuifungua.

Shaibu, 10:44
[picha]
[picha]
Tazameni tundu. Kidole kidogo hakipiti.

Salum (Muscat), 10:46
Subhanallah. Hiyo ilikuwa inapumua vipi?

Ami Makame, 10:52
Iweke juu ya mkaa mpaka masizi yakauke, ikwangue na bisibisi ya zamani. Upande wa maji loweka kwenye siki, chumvi italegea. Halafu igonge na nyundo ndogo taratibu. Ikilia, chuma kipo. Ikitoa sauti ya kufa au ikitoboka, usiirudishe hata kama unga wa shangazi unaota. Ukuta wa ndani ukiliwa, maji ya bahari yanaingia silinda na moshi unaingia kwenye boti.

Shangazi Mwanaisha, 10:53
Makame nakusikia.

Shaibu, 13:20
Imelia vizuri sehemu zote isipokuwa chini, karibu na pale maji yanapoingilia. Haikutoboka ila pamekuwa pembamba. Gasketi nimekata ya karatasi.

Ami Makame, 13:24
Leo utakwenda nayo Tumbatu na kurudi, sailensa usiiache. Kuvua nayo hapana. Tafuta nyengine.

Shaibu, 13:58
Inatema maji kama zamani. Moto nusu, kengele kimya. Nashusha unga wa shangazi kwanza au wa watu?

Shangazi Mwanaisha, 13:58
Wewe!

Salum (Muscat), 14:05
Hapa Matrah kuna maduka ya vyombo vya mashine, nitauliza elbo. Nipigie picha ya kibati cha namba kwenye mashine, na upime umbali wa matundu ya boliti kwa rula, si kwa vidole.

Khamis, 14:09
Salum, ukiwa huko niulizie na themostati moja

Shaibu, 14:12
[picha]
Salum, kibati hicho. Namba ya mwisho imeliwa na kutu, sijui 3 au 8.