Kisiki nilichookota Mtera kimegeuza maji ya akwariamu kuwa kama chai ya rangi, nifanyeje?

Baba Guppy, Nkuhungu
Wakuu, heshima kwenu. Nina akwariamu ya lita 80 yenye samaki wadogo kumi na wawili waitwao guppy. Juzi nikitoka Iringa nilishuka Mtera, pale miti mikavu iliposimama ndani ya bwawa. Ukingoni nikaokota kisiki kidogo chenye mizizi iliyopindana vizuri sana. Nilikisugua kwa brashi, nikakianika juani siku nne, nikakitumbukiza. Kikaelea, nikakigandamiza kwa jiwe.

Siku ya tatu maji yamekuwa chai ya rangi tupu, na ncha za mizizi zimeota utando mweupe unaoteleza kama kamasi. Samaki wanakula, ila nina hofu. Mwanangu huwahesabu kila asubuhi kabla ya shule. Nikitupe?

Mzee wa Vioo
Usikitupe, ila kitoe leo. Hiyo rangi ni tanini, ileile iliyomo kwenye majani ya chai, na kwa kiasi hicho haiui samaki. Tafuta sufuria kubwa, chemsha saa moja au mbili, mwaga, rudia hadi maji yapauke. Kisipoenea, chemsha upande mmoja kisha ugeuze. Halafu kiloweke kwenye ndoo na ubadili maji kila siku, hata wiki tatu. Kukianika ndiko kulikokifanya kielee: mti hauzami mpaka unywe maji ya kutosha. Na tafadhali, sabuni isikiguse. Mti huifyonza, kisha huitoa polepole samaki wakiwa ndani.

Dada wa Hombolo
Kaka, mimi ningeanza na swali lingine: ni mti gani? Huku kwetu minyaa imejaa kwenye nyua za watu, na utomvu wake mweupe kuna wavuvi huutumia kulevya samaki. Mti wowote wenye utomvu, au mbichi ndani, usiuweke. Chomeka kisu. Kikiingia kama kwenye kiazi kilichoiva, huo umeoza, utakuchafulia maji kila siku.

Baba Guppy, Nkuhungu
Asante dada. Jina la mti silijui, ila ni mkavu kabisa, hauna utomvu wala harufu, na kisu kimegoma. Una maganda upande mmoja.

Dada wa Hombolo
Hapo nimetulia. Maganda bandua yote, ndiyo huoza kwanza na wadudu hujificha chini yake.

Mpenda Mbuna
Kuhusu utando: ni ukungu na bakteria wanaokula sukari iliyobaki kwenye mti. Hauna madhara, hukoma wenyewe baada ya wiki chache. Ukikukera, utoe kwa mswaki mpya. Tanini pia hushusha pH, yaani huyafanya maji yawe na asidi zaidi, lakini maji yakiwa magumu, yenye madini mengi, pH haishuki kirahisi, na guppy hupenda maji magumu. Mimi nafuga mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao kwao ni miambani, kwa hiyo sijaweka mti hata mmoja. Nimepanga mawe tu.

Ukibadili maji ya bomba, yaache usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi klorini ipungue. Usibadili yote kwa mkupuo, robo inatosha.

Baba Guppy, Nkuhungu
Wakuu, narudi na mrejesho. Nimechemsha mara nne kwa jiko la mkaa. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya nne yakawa manjano hafifu. Nilipobandua maganda wakadondoka konokono watatu wadogo, wameshaiva! Nimekiloweka siku 19. Jana nilikuta kimelala chini ya ndoo chenyewe, bila jiwe.

Nimekirudisha usiku. Maji bado yana rangi kidogo, ya asali iliyotiwa maji mengi. Leo asubuhi mwanangu kahesabu kumi na mmoja, akataka kulia, kisha akamwona wa kumi na mbili katikati ya mizizi, jike lenye tumbo kubwa. Nadhani yuko karibu kuzaa. Nimwache humohumo, au nimtenge?

Mzee wa Vioo
Mwache. Vifaranga watajificha humohumo.