Kupanga orodha ya vitu vya klasi kwenye Python: key, __lt__ au attrgetter?

Mwanagenzi_K
Habari zenu wakuu. Nina klasi ya Mwanafunzi yenye jina, mkondo na alama. Nataka orodha ya matokeo ianze na mwenye alama za juu, na waliofungana wapangwe kwa jina. Nimeandika `darasa.sort()` tupu, Python ikagoma:

`TypeError: '<' not supported between instances of 'Mwanafunzi' and 'Mwanafunzi'`

Nikipekua naona wengine wanaweka `__lt__` (kanuni ya "ndogo kuliko") ndani ya klasi, wengine lambda (funksheni fupi isiyo na jina), wengine attrgetter (inayosoma sifa ya kitu kwa jina lake). Nishike ipi?

BintiTanga
Kwa kazi hiyo shika key, yaani kigezo cha kupangia, usihangaike:

`darasa.sort(key=lambda m: (-m.alama, m.jina))`

Python inalinganisha cha kwanza kwenye mabano, vikilingana ndipo inageukia cha pili. Ishara ya kutoa ndiyo inayowapandisha wenye alama nyingi. Na tafadhali usiandike `darasa = darasa.sort()`. Inapanga orodha hiyohiyo halafu inarudisha None (yaani hakuna kitu), darasa zima linayeyuka. Ukitaka orodha mpya, ita `sorted()`.

Chui_Msimbo
Dada, `__lt__` nayo isidharauliwe. Unaiandika mara moja ndani ya klasi, na kila anayeita sort anapata mpangilio uleule. Hata min na heapq (foleni ya kipaumbele) zinaitumia.

BintiTanga
@Chui_Msimbo sawa, ila niambie mwanafunzi gani ni "mdogo" kuliko mwenzake? Mwalimu wa taaluma anaangalia alama, mwalimu wa zamu anayeita majina asubuhi anataka alfabeti. Ukishaifungia kwenye klasi umewaamulia wote. Mimi `__lt__` naiwekea vitu vyenye mpangilio usiobishaniwa, kama namba za matoleo ya programu. Na hapo bado `<=` itagoma mpaka uongeze total_ordering ya functools, inayokujazia ulinganisho uliobaki.

MzeeWaJava
Vijana, mjadala huu sisi tunao tangu zamani: Comparable ndani ya klasi, Comparator nje yake. Tangu Java 8 ya 2014 naandika hivi:

`darasa.sort(Comparator.comparingInt(Mwanafunzi::getAlama).reversed().thenComparing(Mwanafunzi::getJina));`

Ukiweka `m -> m.getAlama()` mahali pa `Mwanafunzi::getAlama`, kompaila inapoteza aina ya kitu ikifika kwenye reversed na inakataa. Na yule anayelinganisha kwa `a - b` aache. Kwa alama za mtihani hutaona shida, lakini kwenye salio la fedha, moja hasi na jingine chanya, tofauti ikivuka 2,147,483,647 (kikomo cha int) jibu linageuka ishara na orodha inavurugika kimyakimya. `Integer.compare` ipo.

Mwanagenzi_K
Shikamoo mzee, asante. Dada BintiTanga, yako imekubali kwa mkondo A. Mkondo B imeanguka: `bad operand type for unary -: 'NoneType'`. Kuna wawili hawakufanya mtihani, alama zao ni None.

Chui_Msimbo
Usiwape sifuri, maana aliyepata sifuri alikaa kwenye chumba cha mtihani. Wapeleke mkiani:

`key=lambda m: (m.alama is None, -(m.alama or 0), m.jina)`

False huhesabiwa 0 na True 1, kwa hiyo wenye None wanakuja baada ya wote, hata wa sifuri.

Mwanagenzi_K
Imekubali! Na attrgetter je? Halafu nikitaka mikondo ianze na ya mwisho kialfabeti, majina yabaki kawaida? Neno siwezi kuliwekea ishara ya kutoa.

BintiTanga
Panga mara mbili, ukianza na kigezo kidogo:

`darasa.sort(key=attrgetter("jina"))`
`darasa.sort(key=attrgetter("mkondo"), reverse=True)`

Sort ya Python haiwachanganyi waliolingana, hata ukiweka reverse, kwa hiyo majina yanabaki yalivyopangwa ndani ya kila mkondo. Ni kazi ya Tim Peters ya 2002, na Java waliichukua kwenye toleo la 7. Attrgetter unaitoa kwenye moduli ya operator. Ni nzuri unaposoma sifa kama zilivyo. Ukitaka kugeuza chochote, rudi kwenye lambda.

MzeeWaJava
Marahaba kijana. Angalia na herufi: kama aliyeingiza majina alichanganya kubwa na ndogo, "asha" atakaa chini ya "Zuwena".

BintiTanga
Kweli mzee. Weka `m.jina.casefold()` ndani ya key, herufi kubwa na ndogo zihesabiwe sawa. Na kama alama zinatoka kwenye faili la CSV, zipitishe kwanza kwenye `int()`, la sivyo "100" itahesabiwa ndogo kuliko "45".